Taa Inayozimika Yenyewe

Vijana wangu wa steji ya Pap Onditi, nyinyi mnaobeba watu kwenda Katito, Ahero na Kendu Bay, na nyinyi mafundi chipukizi mnaofungua boneti chini ya miti kando ya barabara, nina neno nanyi. Linahusu ile taa ndogo ya rangi ya chungwa kwenye dashibodi, yenye picha ya injini. Ikiwaka na kubaki imewaka haina haja ya mzee kuisemea, maana hata dereva mzembe huchoka nayo akapeleka gari gereji. Ninayoiogopa ni ile inayowaka Jumatatu jioni, ikazimika katikati ya wiki, ikanyamaza siku nyingi, kisha ikarudi siku ya soko gari likiwa limejaa. Nawasikia mkiambiana kwa furaha kwamba gari limejitibu. Gari halijitibu, wanangu. Kilichoachana kimegusana tena kwa muda, basi.

Kwanza jueni taa hiyo inavyoamua kuwaka na kuzimika, kwa sababu hapo ndipo wengi wenu mnapopotea. Kompyuta ya injini haina pupa. Kwa hitilafu nyingi, ikiona kasoro mara ya kwanza huiandika kimya kimya kwenye kumbukumbu yake na kusubiri. Safari inayofuata ikiiona kasoro ileile, hapo huwasha taa. Huhifadhi pia hali ilivyokuwa wakati huo: injini ilizunguka kwa kasi gani, maji yalikuwa na joto kiasi gani, gari lilikuwa likivuta mzigo au limesimama. Kasoro isipoonekana kwa safari 3 mfululizo, taa huzimika. Lakini namba ya hitilafu haifutiki siku hiyo. Hubaki mpaka injini iwashwe ikiwa baridi na kupata moto kama mara 40 bila kasoro kurudi. Kwa hiyo siku taa inapozimika, habari yote bado imo ndani ya gari, tena ni mbichi. Hiyo ndiyo siku ya kuja kwa fundi, nanyi ndiyo siku mnayopiga honi na kwenda zenu.

Kuna na wale wanaochomoa waya wa betri usiku ili asubuhi taa isiwepo. Mwenye kufanya hivyo amefuta namba, amefuta na kumbukumbu ya hali ilivyokuwa. Akija kwangu baada ya hapo analalamika kwamba gari lina tatizo lisiloonekana, mimi nabaki kupapasa gizani, naye analipia kupapasa huko. Msiguse betri kabla namba haijasomwa na kuandikwa. Nimelisema hili kwa vijana wengi na nitaendelea kulisema.

Wengine huniambia: Jaduong', mzee wetu, taa hiyo ni mambo ya mazingira ya wenzetu, gari linatembea vizuri tu. Wana chembe ya ukweli. Asili ya taa hii ni moshi. Jimbo la California, lililochoshwa na moshi wa magari juu ya Los Angeles, ndilo lililotangulia kuwalazimisha watengenezaji kuweka kompyuta inayojichunguza. Kufikia magari ya mwaka 1996 Marekani nzima ilikuwa na mfumo mmoja, wenye namba zinazofanana na soketi ya aina moja ya kusomea, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Lakini sehemu kubwa ya moshi mchafu ni petroli ambayo haikuungua, na petroli hiyo mmeinunua kwa jasho lenu. Kompyuta inapolalamika kuhusu moshi, mara nyingi inalalamika pia kuhusu mfuko wako.

Kuna namna moja ya kuwaka ambayo sina mjadala nayo. Taa ikianza kupepesa, yaani ikiwaka na kuzimika kwa mfululizo huku injini ikitetemeka, maana yake silinda inakosa moto kiasi cha kuharibu kichujio cha moshi, ile katalisti iliyo kwenye bomba. Petroli mbichi inaingia kule, inaungua ndani, chombo kinakuwa chekundu kwa joto na masega yake yanayeyuka. Gari hilo usiliegeshe juu ya nyasi kavu. Punguza mwendo papo hapo, toka barabarani mahali salama, teremsha abiria, watafutie gari lingine. Najua mnachonijibu: nauli zitarudishwa, mwenye gari atauliza. Nami nawauliza: mnapompeleka mama mwenye uchungu hospitali ya Pap Onditi usiku, mnataka kugundua katikati ya njia kwamba ile taa ya wiki iliyopita ilikuwa inasema kweli?

Na msichanganye rangi. Taa nyekundu ya oili au ya joto ni amri ya kuzima injini mara moja. Ya chungwa ikiwa imetulia inakupa nafasi ya kufika, ila haikupi nafasi ya kusahau.

Sasa nyinyi madereva, kazi yenu katika kutafuta ugonjwa wa kuja na kwenda ni kubwa kuliko ya fundi. Fundi analiona gari likiwa limesimama chini ya mti, halina mzigo na taa imezimika. Nyinyi ndio mliokuwepo. Nunueni daftari dogo, liwekeni pale mnapoweka risiti. Taa ikiwaka, makanga aandike tarehe na saa, injini ilikuwa imepata moto au ndiyo kwanza imewashwa, mlikuwa mnapanda au mnashuka, mvua ilikuwa inanyesha, mlitoka kupita kwenye maji, abiria wangapi, tanki lilikuwa na mafuta kiasi gani na mliyatia wapi. Ikizimika aandike pia. Baada ya muda utaona mpangilio ambao akili haiushiki ikiwa mbioni kutafuta abiria. Taa inayowaka alasiri tu mkipanda kuelekea Nyabondo inaniambia habari tofauti kabisa na taa inayowaka asubuhi baada ya mvua ya usiku.

Suala la mafuta nalitilia mkazo. Petroli ya kwenye chupa na mitungi kando ya njia inaweza kuwa imetiwa mafuta ya taa. Desturi hiyo ilienea nchini mpaka Septemba 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwakatisha tamaa wachanganyaji. Injini iliyonyweshwa mchanganyiko huo hugonga na kukosa moto, taa inawaka, kisha unajaza petroli safi na taa inazimika baada ya siku chache. Kama hukuandika ulikotia mafuta, fundi atabadilisha plagi zisizo na kosa.

Nchi yetu nayo ina mambo yake, na fundi asiyeijua nchi hatalijua gari. Huku chini ardhi ni tambarare yenye udongo mweusi. Mto Nyando ukifurika, barabara nayo hugeuka mto. Mwaka 2020 Ziwa Viktoria lenyewe lilipanda likaingia kwenye nyumba za watu wa ufukoni, na mafuriko ya 2024 tunayakumbuka sote. Magari mengi mnayoendesha leo yalipita kwenye maji hayo. Maji ya mafuriko huingia kwenye soketi za nyaya, yanakauka, yanaacha tope na chumvi, na miezi kadhaa baadaye vipini vya ndani vinaota kutu ya kijani. Siku kavu umeme unapita. Siku ya unyevu haupiti sawasawa. Hapo ndipo taa huwaka kila baada ya mvua na kuzimika jua likitoka, na hakuna spea ya dukani itakayotibu hilo. Fungua soketi moja moja, safisha, kausha, hakikisha mpira wake wa kuzuia maji upo.

Tazama pia ule waya mnene unaotoka upande hasi wa betri kwenda kwenye bodi na injini, ambao mafundi tunauita wa athi. Ukilegea au kuota kutu, sensa zote zinaanza kutoa habari za uongo kwa zamu, leo namba hii, kesho ile. Weka mita ya volti, mguu mmoja kwenye kichwa hasi cha betri na mwingine kwenye chuma cha injini, mtu awashe taa kubwa na feni huku injini ikinguruma. Ukiona zaidi ya volti 0.2, anzia hapo kabla ya kufikiria kitu kingine. Betri iliyotulia na yenye chaji huwa na kama volti 12.6, na injini ikiwa imewashwa alteneta inapaswa kutoa kati ya 13.5 na 14.7. Kompyuta inayopewa umeme dhaifu huona magonjwa yasiyokuwepo. Na mkiegesha gari karibu na ghala la mahindi au mpunga, tazameni panya. Panya hutafuna nyaya, na waya uliotafunwa nusu hufanya kazi mpaka gari lirukie shimo.

Nyinyi mafundi chipukizi sasa. Simu zenu zinasoma gari kwa kile kidude kinachochomekwa chini ya usukani, na nawapongeza, maana sisi tulijifunzia kwenye Peugeot 504 yenye karbureta, ambako skana ilikuwa masikio na pua. Lakini mnaniudhi kwa jambo moja. Mnasoma namba, mnaitafuta kwenye simu, mnakuta jina la spea, mnamtuma mteja Kisumu akainunue. Namba haikuambii cha kununua. Inakuambia ni malalamiko gani yaliyofika kwenye kompyuta. P0171 inasema hewa imezidi petroli. Inaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa iliyojaa vumbi, pampu ya mafuta iliyochoka, au bomba la moshi linalovuja karibu na sensa ya oksijeni. Anayekimbilia kubadilisha sensa ya oksijeni amemfukuza mjumbe aliyeleta habari ya kweli.

Niwape mfano wa kazi ilivyo. Gari la abiria lenye koili nne, moja kwa kila plagi, linakosa moto alasiri tu, likiwa limejaa na linapanda. Asubuhi ni zima. Limekwisha kubadilishwa plagi, pampu na sensa, na mwenyewe amekaribia kuuza shamba. Skana inaonyesha P0303, yaani silinda ya tatu. Kinachofuata hakigharimu hata shilingi: toa koili ya silinda ya tatu, ihamishie ya kwanza, ya kwanza iende ya tatu. Andika namba zilizokuwepo, zifute, kisha lipeleke gari mlimani alasiri na mzigo wake, kama lilivyozoea kuugua. Namba ikirudi ikiwa P0301, ugonjwa umehama na koili, na umempata mkosaji. Ikirudi P0303 ileile, koili haina kosa. Endelea na plagi, waya wa soketi, kimiminio cha petroli na mgandamizo wa silinda. Koili inayokaribia kufa hufanya hivyo: uzi wake wa ndani ukipata moto unatanuka na kuachana, ukipoa unarudi. Ukiipima ikiwa baridi utaapa ni nzima.

Hiyo ndiyo kanuni yangu kwa ugonjwa wa kuja na kwenda, na naomba muishike: lirudishie gari mazingira ya ugonjwa. Kama huugua kwa joto, lipashe. Kama huugua kwa maji, nyunyizia maji kidogo kidogo kwenye nyaya huku injini ikinguruma. Kama huugua kwa mitikisiko, shika nyaya moja baada ya nyingine uzitikise, gonga sensa kwa mpini wa mbao, na mwenzako atazame namba zinavyocheza kwenye simu. Injini ikishtuka mkono wako ukiwa kwenye soketi fulani, umefika. Kazi hii ni ya subira na haivutii macho ya wateja, lakini ndiyo ufundi wenyewe.

Jambo jingine linaloniuma ni thamostati. Gari likichemka mara moja, fundi anaing'oa thamostati na kuitupa, anasema sisi watu wa joto hatuihitaji. Kisha asubuhi ya baridi gari likishuka mteremko, maji hayafiki joto linalotakiwa, kompyuta inadhani injini haijapata moto, inaongeza petroli, taa inawaka na namba P0128 au ndugu zake. Mchana jua likipamba moto injini inajipasha, siku kadhaa zikipita salama taa inazimika. Dereva anasema taa ina pepo. Haina pepo, imenyimwa kifaa chake. Kama injini inachemka, tafuta kwa nini inachemka: radieta imeziba, feni haizunguki, gasketi imeungua. Rudisheni thamostati kwenye magari ya watu.

Na katalisti vilevile. Nchi za Kiafrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa 2006, na risasi ndiyo iliyokuwa ikiua chombo hicho. Leo kinachokiua ni msumeno. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, kwa hiyo kuna wanaokikata na kukiuza, mwenye gari akiambiwa kwamba sasa gari litapumua. Baada ya hapo P0420 haiondoki. Taa inakaa imewaka mwaka mzima, na siku silinda ikianza kukosa moto kidogo au sensa ya joto ikifa, dereva hana jipya la kuliona. Taa iliyowaka daima haiwezi tena kuonya.

Kuna magari yetu ya zamani zaidi ambayo simu haiyasomi. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8 kuingia nchini, lakini likishaingia linaishi nasi mpaka wajukuu wanaliendesha, na yapo ya miaka ya 1990 yanayohema bado. Toyota nyingi za enzi hizo zina kiboksi chini ya boneti chenye matundu yaliyoandikwa TE1 na E1. Unganisha matundu hayo mawili kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kuwasha injini, na taa yenyewe itakuhesabia: ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mara moja, hiyo ni 21, sensa ya oksijeni. Mara mbili na mara mbili ni 22, sensa ya joto la maji. Ikipepesa haraka bila kukoma, haina malalamiko. Angalia sana usikosee matundu, na uliza aliyekutangulia kabla hujaingiza waya.

Nimebakiza jambo zito, nalo ni uaminifu. Wapo wanaotoa balbu ya taa hiyo, au kuibandika karatasi nyeusi kwa nyuma, ili gari liuzike au mwenye gari asijue. Wengine wanaunganisha taa hiyo na ya oili ili ziwake na kuzimika pamoja, mnunuzi asishuku. Huo ni wizi, tena wa hatari, kwa kuwa anayeibiwa atapakia watoto wake humo. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Ukienda kununua gari, popote pale, fungua swichi bila kuwasha injini na utazame: taa ya injini lazima iwake, kisha izimike injini ikishaanza kunguruma. Isipowaka kabisa, usitoe pesa. Ikizimika sambamba na ya oili kila mara, chunguza. Na skana ikikuambia kwamba majaribio ya ndani ya kompyuta hayajakamilika, jua kumbukumbu imefutwa karibuni. Mwambie muuzaji utarudi wiki ijayo baada ya gari kutembea.

Wengi wenu mmepita Simbi Nyaima, lile ziwa la duara karibu na Kendu Bay, na utotoni mlisimuliwa habari za bibi kizee aliyefika usiku kijiji kikiwa kwenye sherehe. Walimfukuza. Mama mmoja peke yake alimkaribisha, na bibi akamwonya aondoke kabla ya mvua. Kijiji kikazama, yeye akapona. Kila nikilikumbuka simulizi hilo namfikiria mama huyo. Hakuwa na elimu kuliko wenzake. Alikubali tu kusikiliza onyo lililotoka kwa mtu asiye na hadhi, wakati ngoma ilikuwa inalia na hakuna tone la mvua lililoonekana. Nanyi mnaonywa na kitaa kidogo, tena gari likiwa bado linavuta vizuri.

Basi, kama gari lako limewasha taa wiki hii na ikazimika, usingoje irudi. Lilete taa ikiwa imezimika hivyo hivyo, betri ikiwa haijaguswa, na makanga wako aje na daftari.